Vidole Vinne Juu ya Kilima

Gizani, kijiko kiligonga ukingo wa sufuria mara tatu, kikanyamaza. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, na Anyesi hakutaka kuwasha tochi ya simu kwa sababu mwanawe Loisi alilala usingizi wa mang'amung'amu. Alikoroga uji wa ulezi kwa masikio tu. Uliposikika mzito, ukitoa vipovu vinavyopasuka polepole, akajua umeiva, akaumimina kwenye chupa ya chai. Ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri, siku ya Jumanne, na gari la kazi lilikuwa lipite barabara kubwa ya Ipagala saa kumi na moja kamili.

"Mama," Loisi aliita kutoka kitandani.

"Lala, mwanangu."

"Unaenda wapi?"

"Kushuti. Kutengeneza vile vitu vya kwenye tivii."

Loisi, aliyekuwa na miaka mitatu na miezi minne, alifikiri kidogo. "Utaonekana?"

"Sitaonekana. Mimi nitakuwa nyuma."

"Nyuma ya tivii kuna buibui."

"Basi nitamsalimia. Nitarudi kabla hujalala."

Alimbeba na shuka lake, akavuka ua na kumgongea Joha. Joha alikuwa mjane kutoka Kondoa, amepanga chumba cha pili kwenye ua huohuo, na saa hizo alikuwa ameshaanza kukoroga unga wa vitumbua. Alimpokea mtoto kwa mkono mmoja, mwiko ukiwa bado mkono wa pili.

"Miguu ya baridi kama chura," alisema. "Haya, nenda."

"Dada Joha, ni siku moja tu."

"Siku moja itanishinda mimi? Nenda. Na ukikutana na hao mastaa waulize wanapaka nini usoni."

Anyesi alikuwa ameitafuta siku hiyo moja kwa miaka miwili.

Mchana alitoa fotokopi kwenye kibanda cha mtu karibu na chuo. Jioni tatu kwa wiki alisoma kozi ya utayarishaji wa filamu, Loisi akiwa mgongoni, amelala katika masomo yote ya taa na karibu nusu ya masomo ya sauti. Alipata cheti, akakipiga picha, akakituma kwenye makundi ya wadau wa filamu ya kanda nzima. Mmoja alimwuliza, "Una uzoefu?" Akajibu, "Ndio ninaoutafuta." Yule akamwandikia, "Ukiupata njoo." Mwingine alitaka mtu wa kushika taa, lakini aombe kazi kwa kutuma picha ya mwili mzima. Wengine walimchukua kwa kujitolea, akabeba nyaya siku nne kwenye jua la Chamwino, na filamu ilipotoka akakaa mpaka majina yote ya mwisho yakapita. Jina lake halikuwepo. La mbwa lilikuwepo.

Ndipo Jumatatu jioni akapigiwa na Ambokile, Mnyakyusa aliyewafundisha sauti kwenye ile kozi. Kulikuwa na tamthilia inashutiwa Kongwa. Mtu wa mwendelezo, yule anayehakikisha kila kitu kinabaki kama kilivyokuwa, alikuwa amekwama Dar es Salaam na homa.

"Wewe ndiye uliyekuwa unaona kila kitu darasani," Ambokile alisema. "Malipo ni ya siku moja. Lakini msikilize Henry. Ukimridhisha Henry, anakuingiza kwenye orodha."

Henry alikuwa msaidizi wa dairekta, na orodha yake ilikuwa kwenye simu. Waliokuwemo walipigiwa kwanza kwa kila kazi iliyokuja Dodoma, Singida hadi Babati. Wasiokuwemo waliendelea kutuma vyeti.

Lokesheni ilikuwa shamba la mzee Sila, nje kidogo ya Kongwa. Shamba lilikuwa limefyekwa na kuchomwa, linangoja mvua za Desemba. Katikati yake kulikuwa na kibanda cha udongo ambacho dairekta alikipenda. Mzee Sila alikuwa ameweka dole gumba kwenye karatasi iliyosema shamba lake litatumika kwa siku moja.

Sini kubwa ilipangwa jioni. Baba amekaa kwenye kigoda mlangoni, anamenya karanga, anamwambia binti yake aliyerudi kutoka chuo kwamba ameshauza shamba. Ni sentensi nne tu. Binti anasimama, anaondoka bila kujibu.

Anyesi aliandika kwenye daftari kila kilichopaswa kubaki vilevile mpaka sini iishe. Maganda ya karanga kumi na saba, karibu na mguu wa kulia. Mkono wa kushoto wa blauzi umekunjwa mara mbili. Maji kwenye kikombe yamefika kwenye ua jekundu.

"Na jua?" dairekta aliuliza. Alikuwa mtu mpole, mwenye kukaa chini ya mwavuli akitazama kioo kidogo cha kamera, asiyepaza sauti hata siku moja.

"Mwendelezo, andika jua," Henry alisema.

Anyesi alinyoosha mkono mbele ya uso kama walivyofundishwa, akapima kwa vidole kutoka mgongo wa kilima mpaka ukingo wa jua, akaandika: *Jua: vidole vinne juu ya kilima.* Na kwa kuwa alitaka sana aonekane makini, akapigia mstari mara mbili.

Rudio la kwanza karanga ilimponyoka baba. La pili lilikwenda vizuri. Dairekta alisema, "Nzuri sana, tupige nyingine." Wakapiga nyingine. Kwenye rudio la tisa Ambokile aliinua spika moja ya masikioni, akatazama kilimani, kisha akamtazama Anyesi.

"Umeandika kwa penseli au kwa wino?"

"Wino."

"Ahaa," alisema Ambokile, akarudisha spika sikioni.

Jua halikusogea. Mwanga wake wa rangi ya mafuta ya mawese ulilala juu ya kibanda, kigoda na maganda kumi na saba, na dairekta alifurahi, kwa sababu mwanga wa namna ile kwa kawaida hauwapi watu hata nusu saa. Walikuwa wamekula saa nane mchana na chakula kingine kilipangwa baada ya kumaliza, kwa hiyo wote walibaki na njaa ya saa kumi na moja na nusu, ile inayosumbua bila kuangusha. Chaji ya simu ya Anyesi ilisimama kwenye asilimia sitini na moja. Bando lake la saa ishirini na nne halikuisha. Watu wa kazi walisema angalau hilo.

Baada ya rudio la arobaini waigizaji walipakwa poda upya na simu zikaruhusiwa. Anyesi alimpigia Joha.

"Amelala?"

"Alilala juzi," Joha alisema. "Alikungoja mpaka kichwa kikaingia kwenye bakuli la uji. Jana vilevile. Anyesi, leo Alhamisi."

"Huku bado Jumanne, dada."

Kijiko cha Joha kiligonga karai. Mafuta yalisikika yakichemka. "Haya. Basi huyo tajiri wako akimaliza Jumanne yake, uje."

Nje ya waya wa jenereta uliozunguka shamba, Kongwa iliendelea na siku zake. Usiku ulifika mpaka kwenye waya ukasimama, asubuhi ikafika ikasimama. Wanawake wa kijiji walikuwa wa kwanza kuona faida. Walileta mikeka, wakatandaza majani ya mlenda nyuma ya kamera, yakakauka vizuri kwenye jua lisilotua. Henry aliwaruhusu kwa sharti kwamba wasiongee. Desemba mvua ilikuja kutoka upande wa Mpwapwa, ikapiga shamba la jirani, ikafika kwenye waya, ikaishia hapo kama pazia. Ambokile aliomba wasubiri kwa sababu ilikuwa inaingia kwenye maiki.

Siku ya pili ya mvua hiyo, mzee Sila alikuja na jembe begani na mbegu za karanga kwenye kibuyu.

"Mbukwenyi," alisalimia. Wakamwitikia. Akamwendea Henry na ile karatasi.

"Mzee wangu, shikamoo," Henry alisema. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma yote, akamrudishia. "Imeandikwa siku moja, mzee. Na siku haijaisha."

Mzee Sila alilitazama jua kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Anyesi, aliyekuwa karibu akipanga maganda.

"Mjukuu wangu, hii siku yenu ina jioni ngapi?"

"Moja tu, babu."

"Ni ndefu," alisema mzee Sila, akaweka jembe chini, akakaa nje ya waya kungoja. Karanga za kumenya zilipoisha, ni kwake walikonunua nyingine. Zilikuwa za akiba ya mbegu.

Rudio la mia na sitini, Joha alipiga mwenyewe.

"Cheti chake cha kuzaliwa uliweka wapi? Chekechea wanakitaka."

"Begi la kijani, chini ya kitanda. Dada, ameshafika wa chekechea?"

"Ameshafika? Amechelewa! Wenzake wanajua kuandika majina yao." Kisha kwa sauti ya chini, "Jumapili anaenda kanisani na mama Lea wa nyumba ya bati jekundu. Nilijua ndivyo ungetaka. Idi nilimpeleka Kondoa, nikamvika gauni, wajomba zangu wakagombania kumbeba."

"Asante, dada Joha."

"Usinishukuru. Maliza."

Anyesi alirudi kwenye kigoda akahesabu maganda. Yalikuwa kumi na manane. Akaondoa moja.

Si yeye peke yake aliyekuwa na la kwake. Mtu wa taa aliambiwa kwenye simu kwamba mchumba wake ameolewa Iringa, na kwamba sherehe ilikuwa nzuri. Baba yake Ambokile aliugua huko Tukuyu, akafa, akazikwa, matanga yakaanuliwa, na wakati wote huo Ambokile alikuwa ameshika ile fimbo ndefu ya maiki juu ya vichwa vya waigizaji. Alilia bila sauti, kwa sababu sauti ndiyo aliyoajiriwa kuilinda. Chozi moja lilidondokea mkono wa blauzi ya binti, na Anyesi akalazimika kuliandika, ili kwenye kila rudio lililofuata pawe na tone la maji mahali palepale.

Mvua za pili zikaja, zikaishia kwenye waya. Mvua za tatu zikaja. Mzee Sila alizitazama zote kutoka kwenye kiti cha ukili alicholetewa na mkewe.

Katika mvua hizo za tatu Joha alimpa Loisi simu.

"Shikamoo," ilisema sauti ambayo Anyesi hakuijua.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mama Joha anasema niseme asante kwa viatu."

Anyesi hakuwa amenunua viatu. Alielewa mara moja kwamba huko Ipagala kulikuwa na mama anayenunua viatu, na madaftari, na labda hata keki ya siku ya kuzaliwa, na kwamba Joha alikuwa akimjenga mama huyo kwa hela za vitumbua, kitu kimoja kimoja, asibomoke.

"Vinakutosha?"

"Vya kwanza vilinitosha. Hivi vinabana."

"Kata!" Henry aliita. "Simu zizimwe. Tunarudia."

Hapo ndipo Anyesi alipofungua daftari kwenye ukurasa wa kwanza. Alikata neno *vinne*, juu yake akaandika *vitatu*. Jua likashuka kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayejiweka sawa kitini. Kivuli cha kibanda kilirefuka mpaka kikagusa mguu wa kamera.

Henry hakufoka. Alimwita pembeni, karibu na mikeka ya mlenda.

"Dada Anyesi, una mtoto?"

"Ninaye mmoja."

"Mimi ninao wawili. Mkubwa nasikia sasa hivi ananizidi urefu." Alitabasamu, kisha tabasamu likamchoka. "Sote tuna watu, dada. Ukilishusha jua, marudio yote haya mia tatu yanakuwa takataka. Hatutaondoka mapema. Tutaanza moja."

"Nilimwambia ningerudi kabla hajalala."

"Tazama." Alimwonyesha simu. Ilikuwa orodha. Kwenye mstari wa tatu paliandikwa: *Anyesi – mwendelezo.* "Namba tatu. Nimeshaandika. Maliza siku hii na mimi, na hutatuma cheti tena maishani mwako. Huyo mtoto atasoma shule unayoitaka wewe."

Anyesi alilitazama jina lake. Hakuwa amewahi kuliona limeandikwa na kazi pembeni yake. Aliwaza Loisi akiwa na viatu visivyobana, vilivyonunuliwa na mama wa kweli. Aliwaza kwamba kama mtu ameshasubiri kiasi hiki, basi kilichobaki hakiwezi kuwa kikubwa. Akachukua kalamu, akakata *vitatu*, akaandika *vinne*, kwa mkono wake mwenyewe, bila kushikwa. Jua likapanda tena kwa shida kidogo, kama mtu mzima anayepanda ngazi, likatulia mahali pake.

"Ndiyo maana nimekuweka namba tatu," Henry alisema.

Mvua za nne zilikuwa haba. Mwaka huo kijiji kizima kilikula chakula cha msaada, na wanawake wa mikeka waliacha kuja kwa sababu mlenda wenyewe haukuota. Mzee Sila alihamishia kitanda chake nje ya waya. Dairekta aliomba baba ajaribu kusema sentensi ya tatu akiwa anatazama chini, kisha akiwa anatazama juu, kisha asiangalie popote.

Mvua za tano Anyesi alipiga simu mwenyewe. Joha alichelewa kupokea, na alipopokea, sauti yake ilikuwa imekauka kidogo pembeni kama ya mtu aliyeingia umri mwingine.

"Yuko salama," Joha alisema kabla hajaulizwa. "Wa tatu darasani kati ya sabini. Anaandika kwa mkono wa kushoto, mwalimu alitaka kumbadilisha nikaenda kugombana naye."

"Naomba niongee naye."

"Yuko nje anaruka kamba." Mafuta hayakusikika yakichemka. "Anyesi, nikuambie kitu, na usidhani nakulaumu. Nakuambia tu ujue. Zamani kila jioni alikuwa anaita jina lako kwenye mlango wa chumba chenu. Anasimama pale na mswaki mdomoni, anaita. Nilimwacha, nikasema ataacha mwenyewe. Ameacha."

"Lini?"

"Sikushika tarehe. Siku moja tu nilisikia kimya."

Anyesi alikata simu. Walikuwa wakipanga rudio la mia nne na tisa. Baba alikuwa ameshika karanga, binti amekaa, tone la maji liko kwenye blauzi. Henry alishasema "Kimya!" na Ambokile alishanyanyua maiki. Anyesi alifungua daftari kwenye ukurasa wa kwanza, akakata mstari mzima wa jua, chini yake akaandika neno moja: *Limezama.*

Likazama. Halikuaga. Giza liliingia shambani kutoka pande zote, pamoja na giza lote lililokuwa limesimama nje ya waya kwa misimu mitano, na mvua nayo ikaingia, ikaanza kuwalowesha. Njaa ya saa mbili usiku iliwapata wote kwa pamoja. Mahali fulani mtu wa taa aliuliza kama wamemaliza, na mwingine akajibu kwamba inaonekana hivyo.

Dairekta alisimama chini ya mwavuli wake, akakunja miwani. "Tunalo rudio la pili," alisema kwa upole. "Lile la pili lilikuwa zuri. Tutatumia lile."

Wakakunja nyaya. Henry alipita na tochi na karatasi ya malipo, kila mtu akasaini. Karibu na jina la Anyesi, kwenye safu ya siku, paliandikwa moja.

"Kaka Henry, tumekaa mvua tano."

"Mvua hazimo kwenye mkataba, dada." Alisema bila ubaya. Kisha akatoa simu, akafungua orodha, na kwenye mwanga wa kioo Anyesi aliuona mstari wa tatu ukifutika herufi moja moja, kuanzia mwisho. "Mwendelezo hauruhusiwi kulizamisha jua mwenyewe. Unajua hilo. Lakini nimependa ulivyofanya kazi. Tutakupigia."

Mzee Sila aliinuka kitandani mwake, akavuka mahali waya ulipokuwa, akapiga jembe la kwanza gizani, mvua ikimnyeshea. Jembe liliruka. Misimu mitano ya viatu, magari na miguu ya taa ilikuwa imelifanya shamba kuwa sakafu. Akapiga tena. Alipokuwa akipiga la tatu, Henry alikuwa tayari kwenye simu na mtu wa Kondoa, akiulizia nyumba ya zamani yenye roshani. Ni ya siku moja tu, alisema.

"Wewe utakwenda Kondoa?" Anyesi alimwuliza Ambokile wakati wakipakia.

"Tukuyu kuna nani tena?" Ambokile alisema, akazungusha waya wa maiki mkononi. "Nitakwenda."

Gari lilimshusha Ipagala Jumamosi asubuhi. Barabara ya vumbi aliyoiacha ilikuwa ya lami na mitaro pande zote. Kibanda cha fotokopi kilikuwa duka la dawa. Msichana wa dukani alimwita "dada" na kumsifia misuko. Ilikuwa misuko aliyosukwa na Joha Jumatatu, na haikuwa imelegea hata mmoja. Mkononi alikuwa na chupa ya chai, na simu yenye picha zote alizowahi kupigwa pamoja na mwanawe, kwa sababu hakuwahi kusafisha hata moja ya kubaki nyumbani.

Ua ulikuwa uleule. Msichana wa karibu miaka minane aliinama kwenye beseni, akifua shati jeupe la shule, akisugua kola kwa mkono wa kushoto. Alipomwona mgeni alisimama, akafuta povu kwenye sketi.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Karibu. Mama Joha ameenda sokoni, anarudi sasa hivi." Alikimbia ndani akatoka na kigoda, akakipangusa kwa kiganja, akamwekea kivulini. Alikuwa amefundishwa vizuri.

Anyesi alikaa. Njia nzima kutoka Kongwa alikuwa amefanya mazoezi ya sentensi moja, fupi kuliko zile nne za yule baba, na sasa haikutoka. Macho yake yalifanya kazi yaliyoizoea, bila kuambiwa. Kovu kwenye goti la kulia: Jumanne halikuwepo. Meno mawili ya mbele, makubwa: hayakuwepo. Shingo ndefu. Kucha zimekatwa. Nywele zimenyolewa. Nyusi zilikuwa zilezile. Alizitafuta tena nyusi, akazishikilia.

"Wewe ndiye Loisi?"

"Ndiyo."

"Umekuwa mkubwa."

Loisi alitabasamu kwa adabu, kama watoto wanavyowatabasamia watu wazima wanaosema hivyo. Aliinama tena, akalikamua shati, akalikung'uta mara mbili.

"Na mama yako yuko wapi?"

Loisi alilitundika shati kwenye kamba. Akavuta kola pande zote mbili mpaka mikunjo ikatoka, akabana kibanio cha kwanza, akabana cha pili. Kisha akamgeukia mgeni na kumjibu kwa sauti ya kawaida, bila haraka na bila shaka yoyote.

"Mama yangu yuko kazini, atarudi leo."